Familia ya Birkenhead na mieleka ya Uingereza: walidumuje bila televisheni?

KibandaUmiza_Mwz

Habari za jioni wanajamvi.

Mieleka mimi nimeijulia kwenye kibanda umiza, Kirumba, Mwanza. Tulikuwa tunabanana kwenye mabenchi kumwangalia Undertaker, jasho linatiririka, na akiinuka pale alipolala basi kibanda kizima kinasimama naye. Miaka yote niliamini huu mchezo ni mali ya Wamarekani. Juzi ndiyo nagundua kwamba wanamieleka waliowika Marekani, William Regal, Fit Finlay, na hata Daniel Bryan kwa kipindi fulani, wote walipitia kampuni moja ya Uingereza inaitwa All Star Wrestling, na kwamba ni kampuni ya familia.

Swali langu ni hili: familia moja, haina televisheni, haina bilionea nyuma yake, imewezaje kufikisha miaka zaidi ya 50 wakati wakubwa waliokuwa na televisheni walifunga? Mwenye kuijua kwa undani naomba anifundishe.

Mzee_wa_Hoja

Mkuu, yale ni maigizo. Mshindi anajulikana kabla hawajapanda ulingoni. Historia yake ya nini?

MamaUpendo_Mersey

Mleta mada, umenigusa penyewe. Naishi Birkenhead, ng'ambo ya mto Mersey ukitokea Liverpool, na kampuni hiyo ilizaliwa hapahapa mwaka 1970. Mimi ni mtu wa Tanga, kazi yangu ni kuhudumia wazee. Mieleka nilifundishwa na bibi mmoja niliyekuwa namwogesha na kumlisha, sasa ni marehemu. Alikuwa na bati la biskuti chini ya kitanda, limejaa vijitabu vya programu za mapambano. Vidole vyake vilikuwa vimepinda kwa baridi yabisi, lakini vijitabu hivyo alivifungua mwenyewe, ukurasa kwa ukurasa, hakutaka nimsaidie.

Mwanzilishi ni Brian Dixon. Huyu hakuwa mwanamieleka wala mtoto wa tajiri. Alianza kama shabiki, akiwa kijana akaendesha klabu ya mashabiki wa mwanamieleka Jim Breaks, kisha akawa refarii, kisha akaanza kuandaa mapambano yake mwenyewe. Kampuni mwanzoni iliitwa Wrestling Enterprises. Mkewe alikuwa Mitzi Mueller, bingwa wa wanawake wa Uingereza. Kwa sisi wanawake hapo pana uzito wake, maana jiji la London lilipiga marufuku mieleka ya wanawake hadi mwishoni mwa miaka ya 1970. Bibi yangu alikuwa na picha ya Mitzi kwenye lile bati, imechakaa pembeni kwa kushikwa, na alinieleza kwamba wakati wenzake wanaambiwa wakae jikoni, huyu alikuwa anazunguka nchi nzima na mabuti yake.

Sasa uelewe walikuwa wanashindana na nani. Tangu 1952 mapromota wakubwa walikuwa wameungana wakaunda Joint Promotions, wakagawana miji kama watu wanavyogawana mashamba. Televisheni ya ITV ilipoanza kuonyesha mieleka mwaka 1955, ilichukua kwao tu. Kila Jumamosi saa kumi jioni, kwenye kipindi cha World of Sport, nchi ilikaa kitako ikatazama. Promota wa nje ya umoja huo alibaki na kumbi za miji midogo, mabango ya kubandika ukutani, na ulingo wake mwenyewe kwenye gari.

Na hapo ndipo lilipo jibu la swali lako. Dixon alijifunza kuishi bila televisheni miaka kumi na saba kabla hajaipata.

Joint nao kumbuka walifikia kuwa mambo ya ndugu. Kuanzia katikati ya miaka ya 1970 upangaji wa mapambano ulishikwa na Max Crabtree, na nyota wake alikuwa kaka yake, Shirley Crabtree, yule Big Daddy mwenye tumbo kama ngoma. Watoto walimpenda sana. Mwaka 1981 alimpiga Giant Haystacks pale Wembley Arena, ukumbi umejaa, na pambano halikufika dakika tatu. Lakini kila kitu kikawa kinajengwa kumzunguka mtu mmoja ambaye umri ulikuwa unamtupa mkono. Wanamieleka wenye ufundi walichoka kuwa watu wa kulaliwa na Big Daddy kila wiki. Wengi wakahamia kwa Dixon, akiwemo Mark "Rollerball" Rocco, ambaye baba yake pia alikuwa mwanamieleka.

Huo ufundi bibi alinifundisha kwa kutumia mto na mikono yangu mwenyewe. Sheria zao si hizi za Marekani. Pambano lilikatwa raundi kama ngumi, mara nyingi za dakika tano. Ili ushinde unambana mwenzako mabega chini hadi refarii ahesabu, au unamfanya asalimu amri, na anayetangulia kufanya hivyo mara mbili ndiye mshindi. Aliyelala chini huruhusiwi kumrukia. Ukikosea unaonywa hadharani, onyo la tatu unatolewa. Yule "adui" kazi yake ilikuwa kuiba ndani ya sheria hizo refarii akigeuka, na akina mama wa mstari wa mbele wakimpiga kwa mikoba. Bibi alikiri kwamba yeye aliwahi kumpiga mmoja, na aliposema hivyo alinyanyua kile kidole chake kilichopinda kunionyesha ni bega gani.

Mzee wa Hoja, shikamoo. Ni kweli matokeo yanapangwa, hilo hata watoto wa hapa wanalijua. Ila mwili hauanguki kwa kuigiza. Agosti 1987, pale Great Yarmouth, Malcolm Kirk aliangukiwa na Big Daddy mwisho wa pambano na hakuamka tena. Uchunguzi ulionyesha alikuwa na maradhi makubwa ya moyo. Alikuwa na miaka 51. Watu hawa walikuwa kazini.

KibandaUmiza_Mwz

Dada asante sana, nimesoma mara mbili. Kwa hiyo Dixon televisheni aliipata lini, na ilipoondoka alifanyaje?

MamaUpendo_Mersey

World of Sport ilifungwa 1985. Mwaka 1987 ITV wakaacha kuwategemea Joint peke yao, muda ukagawanywa: Joint, All Star, na WWF ya Marekani, kampuni ambayo sasa inaitwa WWE. Desemba 1988 mieleka ikatolewa kabisa.

Lakini ile miaka miwili Dixon aliitumia vizuri. Alikuwa na Kendo Nagasaki, mtu wa barakoa asiyesema neno. Akatengeneza kisa cha Nagasaki kumtia kijana Robbie Brookside kwenye usingizi wa kiini macho, mpaka Brookside akamgeukia mwenzake wa timu, Steve Regal, ndiye huyo William Regal wako. Televisheni ikazimwa kisa kikiwa katikati. Ukitaka kujua kilichoendelea, ununue tiketi uje ukumbini. Watu wakaja, na kisa kikavutwa miaka kadhaa, hadi Nagasaki alipostaafu 1993.

Big Daddy naye alistaafu mwaka huohuo, na Max Crabtree akafunga katikati ya miaka hiyo ya 1990. Nguzo yao ilikuwa moja.

Baada ya hapo palikuwa pagumu kwa wote. All Star walibebwa na kambi za likizo za pwani, Butlins na nyinginezo. Familia zinakuja kambini wiki moja zinaondoka, zinaingia nyingine, kwa hiyo pambano lilelile na stelingi yuleyule kila wiki lina watazamaji wapya. Ukumbi upo, watu wapo, mvua ikinyesha ndiyo wanajaa zaidi. Binti wa Brian na Mitzi, Laetitia, akaingia kwenye kazi, akaolewa na Dean Allmark, mwanamieleka wa hapohapo kwenye kampuni. Ndiyo maana nasema ilidumu: mshahara mwingi ulikuwa unabaki mezani kwao.

Canary_wa_Norwich

Niongezee kidogo, mimi nipo Norwich. Huku kuna familia nyingine ya mieleka, ya Ricky Knight na mkewe aliyepigana kwa jina la Saraya, kampuni yao ni WAW. Binti yao alianza kupigana akiwa na miaka 13, na mwaka 2014 akiwa na 21 alitwaa mkanda wa wanawake WWE usiku wake wa kwanza pale Raw, kipindi chao cha televisheni. Ndiye Paige. Hii mifumo ya kifamilia ndiyo shule yenyewe.

MamaUpendo_Mersey

Kweli kabisa kaka, hao nao niliwaheshimu siku zote.

Nimalizie na nilichokiona kwa macho. Mwaka mmoja niliwapeleka wanangu kwenye ukumbi mdogo wa manispaa, tukafika mapema mno. Ulingo ulikuwa bado unafungwa: fremu ya chuma, mbao juu yake, godoro jembamba, kisha turubai inavutwa na watu wanne mpaka inalia. Kijana mmoja aliyekuwa anakaza kamba za kona, baadaye nilimwona mlangoni anakata tiketi, na saa moja ilipofika alipanda ulingoni amevaa chupi ya kung'aa, akapigwa vibaya. Mapumziko alikuwa kwenye meza anauza picha, shingo nyekundu, mwanangu akampa mkono. Pembeni pale watu walikaa kama mia tatu hivi.

Brian Dixon alifariki Mei 2023. Habari ilipotoka, bibi yangu alikuwa ameshatangulia. Lile bati wanawe walinipa mimi. Kesho nikitoka zamu ya usiku nitapiga picha vijitabu vya miaka ya 1970 niviweke hapa, kimojawapo kina jina la Mitzi kwa herufi kubwa juu kabisa, na bibi amepigia mstari kwa penseli.