Kanigonga kichwa kwa rimoti mbele ya banda zima: ko, ko, ko!

Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Sijala, sijaoga, chai niliyotengewa imepoa mpaka imefanya ngozi juu. Yule mwenye banda letu la mechi hapa Ngamiani, simtaji, mnamjua wote, yule ambaye rimoti inakaa kifuani kwake kama hirizi, jioni hii kanigonga kichwa. Kwa rimoti hiyo hiyo. Ko, ko, ko. Halafu akawageukia watu akasema, "Mbata hii! Isikieni inavyolia!"

Kichwa hiki hiki ambacho Tanga nzima inajua kina siku 9 tu tangu kipigwe na mpira wa kriketi!

Kwa ambao hawakuwepo: nilikuwa mazoezini, nimesimama karibu na mpigaji, hatua nne hivi, bila helmeti, maana tunayo moja na alikuwa kaivaa yeye. Mpira wa kriketi si mpira wa chandimu. Ni kiini cha gome la kizibo kilichozungushiwa uzi ukakazwa, juu yake ngozi iliyoshonwa, gramu 156 mpaka 163, ukiushika unajua umeshika jiwe. Ukanipata juu ya sikio. Sikuzimia, ndiyo maana kila mtu alidhani yamekwisha. Nikarudi nyumbani kwa miguu. Baiskeli yangu niliiacha imeegemea ukuta wa uwanja na sikuikumbuka mpaka kesho yake mama aliponiuliza iko wapi. Usiku nikatapika. Daktari akasema ni mtikisiko wa ubongo, siku mbili za mwanzo nipumzike na simu na TV nikae navyo mbali, kisha nirudie mambo yangu kidogo kidogo. Nimetii. Kriketi ninayoipenda kuliko wali wa nazi, nimelala nikisikia wenzangu wanasimuliana dirishani.

Leo ndiyo siku ya kwanza nimetoka. Nimelipa, tena nimelipa kabla, ile TV ndogo ya pembeni, sisi watu sita wa kriketi kwenye benchi moja. Mvua ikanyesha huko wanakochezea, wenye matangazo wakaweka marudio ya mechi ya 2019 pale Lord's, uwanja wa kriketi wa London. Jofra Archer wa England anamrushia Steve Smith wa Australia, mpira unakwenda karibu kilomita 149 kwa saa, unampata shingoni chini ya helmeti, Smith chini. Hata vijana wa TV kubwa wakageuza shingo. Nikawa nawaeleza: jamaa alikuwa na mikimbio 80, yaani pointi, wakamtoa, wakampima, kama dakika 40 hivi akarudi akafika 92. Kesho yake kaamka kichwa kizito, wakamzuia. Ndipo Marnus Labuschagne akaingia badala yake, mtu wa kwanza kwenye Test, zile mechi za mataifa za siku tano, kuingia kwa sababu mwenzake katikiswa ubongo, maana kanuni yenyewe ilianza Agosti 1 mwaka huo huo. Nawaambia, jamani, dalili zinachelewa, mtu anasimama na anacheza na kumbe ndani kaumia.

Hapo hapo, nyuma yangu: ko, ko, ko.

Banda likaanguka kwa kicheko. Muuza kahawa alicheka mpaka vikombe vikalia mkononi mwake. Mtoto ana kashata mdomoni, kacheka, kashata ikadondoka, akaiokota akaendelea kucheka. Na huyu bwana hakuona haya, akabadilisha na chaneli yetu tuliyoilipia, akaweka marudio ya mpira ambayo watu wameyaona tangu Jumapili!

Chaneli nasamehe. Hela nasamehe. Ko, ko, ko siisamehi.

Novemba 2014 Phillip Hughes, mpigaji wa Australia, alipigwa mpira shingoni pale Sydney. Alikuwa na helmeti. Alikuwa na mikimbio 63 na hajatoka. Siku mbili baadaye akafariki, miaka 25. Mimi nilimuwaza huyo kijana usiku ule natapika na mama kanishikia beseni. Na wewe unanigonga kama nazi sokoni?

Kwa rimoti!

Mwana wa Makorora: Mleta uzi, rimoti imepona?

Kipanga: Nilikuwepo. Hakugonga mara tatu, kagonga mara mbili. Ya tatu ilikuwa mwangwi.

Bi Mofa: Pole sana mwanangu. Lakini kichwa kina siku tisa unakipeleka bandani kufanya nini, kwenye kelele na joto lile? Mama yako kajua umetoka?

Mleta uzi: Shikamoo Bi Mofa. Mama anajua. Daktari karuhusu. Ambalo hakuruhusu ni kugongwa na rimoti.

Mgosi Mbishi: Hii chai. Kriketi inaonyeshwa Ngamiani? Na nani analipia?

Mleta uzi: Sisi sita! Kila siku tunalipa! Waulize wazee wa maduka ya vitambaa, wao ndio waliotufundisha kushika beti. Mmoja alikuwa pale benchi, kaniinukia kunitetea, akaambiwa akae chini anaziba TV kubwa. Mzee wa watu!

Beki Kisiki: Nyie wa kriketi mna bahati, mnapimwa na mnabadilishwa. Mimi niligongana kichwa kwa kichwa Mikanjuni kwenye mechi ya mtaa, kocha kanimwagia maji ya baridi, kaniuliza goli letu lipi, nikamwonyesha goli la wenzetu, akasema "ingia, utazoea". Dakika kumi baadaye nikajifunga. Mpaka leo wananiita mamluki. Hakuna aliyenifungulia uzi.

Mwana wa Makorora: Kumbe lile goli lilikuwa la ubongo! Mimi nilikulaani mwaka mzima. Samahani kaka.

Bi Mofa: Beki, na wewe ulikwenda kupimwa?

Beki Kisiki: Sikwenda, Bi Mofa.

Bi Mofa: Basi nyote wawili hamnisikilizi. Anayegongwa kichwa anatoka uwanjani siku hiyo hiyo, hata akisema yuko sawa.

Mleta uzi: Ndicho nilichokuwa nawaeleza watu pale! Na ndipo akanigonga! Ko, ko

Nahodha wa Anga: Kaka, pole, kichwa kitapona. Mimi mtoto wa huyo huyo bwana kanifutia miezi minne kwenye gemu la No Man's Sky, kwenye kile chumba chake cha gemu cha nyuma. Nalipa kwa saa, kila jioni nikishafunga duka la vipuri. Nimefika leo nakuta kaanza gemu lake jipya juu ya faili langu. Baba mtu ananiambia "si mchezo tu, anza tena".

Kipanga: Ni gemu la nini hilo?

Nahodha wa Anga: La kusafiri angani. Una chombo chako, unatoka nyota hii kwenda nyota ile, unatua sayari unayotaka. Sayari zimo zaidi ya 18 ikifuatwa na sufuri kumi na nane. Hakuna aliyezichora moja moja, kompyuta inazizalisha kwa hesabu unapofika. Nyingine mvua yake sumu, unakimbilia pangoni huku kinga ya suti inaisha. Na ukiwa wa kwanza kuigundua unaipa jina.

Mwana wa Makorora: Ulizipa majina gani?

Nahodha wa Anga: Moja ilikuwa na bahari imetulia, majani mekundu mpaka ufukweni. Ile nikaiita Raskazone, kama mtaa wetu hapa Tanga. Nilikuwa natua jioni, nazima injini, naangalia tu. Jirani yake Chumbageni, kavu, vumbi, ila dhahabu ipo. Nilikuwa natafuta njia ya kwenda katikati ya galaksi.

Mgosi Mbishi: Mimi ananidai hela ya feni. Feni! Iliyosimama tangu Ramadhani!

Beki Kisiki: Feni inazunguka upande wa kwake tu.

Mleta uzi: Jamani, uzi ni wa kichwa changu. Kanigonga mbele za watu na hakuna mmoja wenu aliyesimama isipokuwa mzee wa watu. Nataka kujua kesho nikienda nimwambie nini.

Kipanga: Nahodha, na Makorora je? Uliipa sayari?

Nahodha wa Anga: Makorora sikuifikia. Nilikuwa nimeshaichagua nyota yake, imebaki miruko miwili.

Mwana wa Makorora: Kaka, shemeji yangu ana laptopu inayobeba hilo gemu. Funga duka kesho mapema, njoo nyumbani, tuanze upya. Mama anapika mihogo ya nazi. Ila Makorora natua mimi.

Nahodha wa Anga: Saa kumi na mbili nipo.

Bi Mofa: Na huyo mwenye kichwa mchukueni, akae mbali na kioo, ale mihogo.