Mrejesho: Mboga za kwenye magunia zimepona

Habari zenu wapendwa. Mwezi wa tatu niliuliza kwa nini miche ya mchicha na sukuma wiki niliyopanda kwenye magunia, uani kwa nyumba yetu ya kwanza hapa Chanika, ilikuwa inaungua kingo za majani. Mlinitajia samadi mbichi na maji ya kisima yenye chumvi. Yote mawili yalikuwa kweli.

Nilimwaga udongo wote nikaanza upya. Samadi ya kuku niliirundika chini ya turubai wiki sita, nikiigeuza kila Jumamosi, mpaka ikapoa na harufu kali ikaisha. Nikachanganya ndoo mbili za udongo kwa moja ya samadi. Katikati ya gunia nilisimamisha kopo lililokatwa kitako, nikalijaza kokoto, nikawa nalivuta juu kadiri udongo unavyopanda. Hiyo nguzo ya kokoto msiidharau! Mwanzoni maji yalikuwa yanaishia juu, miche ya matundu ya chini, ubavuni mwa gunia, inakufa kiu.

Kuhusu maji, mume wangu alifunga gata (mfereji wa maji ya mvua) upande mmoja wa bati, tukakinga pipa la lita 200. Kisima tunafulia tu.

Mchicha tumeanza kuchuma siku ya 25. Sukuma wiki bado ndogo, ila majani ni mabichi, hayana doa. Jana mama mkwe alichuma kwa mkono wake mwenyewe, nilifurahi mno. Dada uliyeniambia nionje maji kabla ya kumwagilia, Mungu akubariki.