Naomba ushauri: Yohana 15, mfano unaishia wapi?

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Naandaa somo la Yohana 15 kwa wakulima wa zabibu hapa Dodoma. "Mimi ndimi mzabibu" haisumbui, ni sitiari kama "Mimi ndimi mlango" ya sura ya 10.

Ugumu uko aya ya 2: kila tawi lizaalo, Baba "hulisafisha". Kigiriki ni kathairo: kusafisha, na pia kupogolea. Ndiyo maana aya ya 3 inasema wanafunzi wamekuwa safi. Asiyejua hilo huwaza kupangusa vumbi kwenye majani, kumbe mkasi unakata tawi bichi na kubakiza vichipukizi vichache!

Je, moto wa aya ya 6, ambamo matawi yaliyokauka hutupwa? Ezekieli 15 inasema mti wa mzabibu haufai hata kigingi, ni kuni tu. Niishie shambani, au nifundishe hukumu ya mwisho? Naombeni mwongozo, hasa mnaofundisha.