Mtu mzima naulizwa "bado unanyonya?" mbele ya foleni nzima, kisa vepu (sigara ya umeme)

Wakuu, naandika mikono inatetemeka.

Niko uwanja wa ndege. Uwanja gani msiniulize, na yule mama wa mashine ya mizigo pale mlangoni hahitaji kutajwa, kila aliyewahi kupanda ndege anamjua. Miwani ncha ya pua, sauti kama kengele ya shule ya msingi.

Nina miaka 51. Nina mjukuu. Nimeoza wadogo zangu wawili. Leo asubuhi mama yule kainyanyua vepu yangu juu kama refa anayetoa kadi nyekundu, na nyuma yangu foleni ndefu kuliko ya mwendokasi saa kumi na moja jioni, akasema: "Baba, na mvi zote hizo, bado unanyonya?"

BADO UNANYONYA.

Watu wakaangua kicheko. Kulikuwa na kichanga kinalia tangu getini, kikanyamaza kinitazame. Mzungu ambaye hata "habari" hajui, naye kacheka!

Kosa langu nini? Vepu ilikuwa kwenye begi kubwa. Sawa, ina betri ya lithiamu, inatakiwa ikae begi la mkononi, maana ikiwaka kule chini kwenye mizigo hakuna wa kuiwahi. Nimeelewa, sibishi. Lakini si unaniambia tu, "Mzee, hii toa uiweke mfukoni"? Betri na kunyonya wapi na wapi? Na kijana wa ofisi ya tiketi nilimuuliza jana, akasema weka popote.

Nikameza. Nikamuuliza kwa adabu, dada yangu, pa kuvutia ni wapi? Akanyoosha kidole kushoto bila kuniangalia. Kushoto nikamkuta mlinzi, akasema ni kulia. Kulia kuna kibao kina picha ya sigara na mshale, nikaufuata kama Mamajusi na nyota yao, nikafika mlangoni. Ndani: mifagio, ndoo mbili, na binti wa usafi anakula chapati. "Shikamoo baba. Zamani kilikuwa hapa, siku hizi wanavutia nje." Nje wapi? Nje ya jengo. Yaani nitoke, halafu wakati wa kurudi nipite tena kwenye mashine. Na kwenye mashine kakaa nani?

YEYE.

Sitoki. Saa tatu za kusubiri, na saa tano na ushee angani mpaka Dubai, nitakaa hapa natafuna bigijii mpaka taya zing'oke, lakini lile neno sitalisikia mara ya pili. Mvutaji naye ni abiria, kalipa nauli ileile na kodi ya uwanja ileile. Tuwekeeni hata banda la bati! Na yule mama aniombe radhi. Mbele ya watu walewale.

Unanyonya! Mimi!

Kobe Mstaafu: Pole sana mkuu. Ila swali la mama hujalijibu. Bado unanyonya au ulishaacha?

Mleta uzi: Wewe ulikuwepo kwenye ile foleni. Nakujua kwa kicheko.

Shangazi wa Pangani: Yule mama! Mimi aliniuliza kama kitenge nimevaa au nimefungia mzigo. Mume wangu yuko pembeni, na yeye anacheka. Mpaka leo sijamsamehe, namaanisha mume.

Mzee wa Transiti: Vumilia ufike Dubai. Vyumba vya wavutaji vimo humohumo ndani ya jengo, ukiingia hata usiwashe, moshi wa wenzako unakutosha. Istanbul wana baraza la wazi kabisa. Roho itakutoka Heathrow ya London: ukishapita ukaguzi hakuna tena pa kuvutia, mpaka urudi nje. Atlanta nao vyumba vyao walivifunga Januari 2020.

Muuza Spea: Mleta uzi, Dubai ndiyo mwisho au unaendelea? Singapore tangu 2018 kukutwa na vepu tu mfukoni ni kosa, unalipa faini. Hong Kong tangu 2022 huruhusiwi kuingia nayo. Sisi wa Guangzhou, China, tunaopitia Hong Kong tunaiacha nyumbani. Bora huyo aliyekuuliza kama unanyonya.

Mleta uzi: Bora?! Mbele ya mjukuu wangu ungesema bora?

Muuza Spea: Mjukuu naye alikuwepo?

Mleta uzi: Hakuwepo. Angekuwepo je?

Nyanya Chungu: Mimi nina mtoto wa pumu na nasema huyo mama apandishwe cheo. Uganda sheria yao ya 2015 inataka mvutaji akae mita 50 kutoka mahali pa watu. Nyinyi mnataka kujengewa banda. Kavutieni porini.

Mleta uzi: Dada, banda nimeliomba ili moshi usimfikie mwanao! Halafu mbona la kunyonya hamlizungumzii?

Fundi Friji: Samahani natoka nje ya mada kidogo. Kama ndani ya ndege sigara ni marufuku, mbona mlango wa choo una kisahani cha majivu?

Mzee wa Transiti: Ni sharti la usalama. Mwaka 1973 ndege ya Varig, shirika la Brazil, iliungua karibu na uwanja wa Orly, Paris. Moto ulianzia chooni, wakafa watu 123. Mkaidi akivuta, bora azimie kipisi hapo kuliko kukitupa kwenye pipa la karatasi.

Fundi Friji: Duh.

Mtoto wa Sikonge: Mnalilia moshi? Yuleyule mama alinichukulia asali ya Tabora lita mbili, eti kwenye begi la mkononi mwisho mililita 100. Mama yangu mzazi kanifungia kwa mikono yake! Ile asali imeliwa, nawaambia. Imeliwa na chapati.

Shangazi wa Pangani: Kumbe ndiyo ile chapati ya binti wa usafi!

Mleta uzi: Jamani, turudi kwenye mada. Mtu mzima ameambiwa ananyonya.

Kobe Mstaafu: Mkuu, subiri kwanza. Sikonge, hiyo asali ni ya nyuki wakubwa au wadogo?

Mtoto wa Sikonge: Wadogo.

Nyanya Chungu: Uwiii! Hiyo kwa pumu ya mwanangu ndiyo nayoitafuta. Mama bado anayo? Nitumie bei inboksi.