Re: Dada wa usafi kwa mama Tabata, tumtume mpaka wapi?

Kutoka: Leicester

Habari zenu, na shikamooni wakubwa wote.

Naomba ushauri, hasa wa mlioko Dar na mliokwisha kurudi kutoka ng'ambo. Mama yetu yuko Tabata, amevuka miaka 70. Anajiweza, ila ana presha na sukari. Tumemwekea dada wa usafi anayekuja Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, anaingia saa 2 asubuhi na kutoka saa 8 mchana. Tulikubaliana kudeki, vyombo, choo na kufua. Taratibu yakaongezeka: mboga za gengeni, LUKU (umeme wa kulipia kabla), kupokea mafundi, kumkumbusha mama dawa. Wiki iliyopita mama alishikwa na homa, kaka yangu aliyeko Toronto akampigia dada akitaka alale pale. Dada akakataa. Kaka amekasirika na anataka tutafute mwingine. Mimi naona dada hana kosa, lakini nikibanwa kwenye kikao cha familia sina la kujibu. Mtu wa usafi tumtegemee kwa lipi zaidi ya usafi wenyewe?

Kutoka: Sinza, Dar es Salaam

Marahaba mdogo wangu, na pole kwa kuuguliwa.

Naanza na la kaka kwa kuwa ndilo la haraka: msimwondoe huyo dada. Alichokataa si kazi yake, na amekataa kwa mdomo wake, akasikika. Mtu wa namna hiyo ndiye anayefaa nyumbani kwa mzee. Anayeitikia "sawa bosi" kwa kila kitu huku moyoni hataki, ipo siku atazima simu, na hamtajua mama ameshinda na nani.

Sasa swali lako. Mimi napima hivi: jambo lolote analoliona akiwa kwenye usafi, ndani ya saa zake, mna haki ya kutegemea kwamba atalisema au atachukua hatua ndogo. Akisikia harufu ya gesi jikoni, afunge mtungi, afungue madirisha, amtoe mama nje. Bomba likivuja, aseme. Maji ya DAWASA yakitoka siku aliyopo, ajaze tanki na ndoo, maana nani ana hakika ya kesho? Atoe taka siku gari linapopita. Akikuta chakula cha jana kiko vilevile kwenye hotipoti, au mama anauliza jambo lilelile kila baada ya dakika chache, asiondoke bila kumwambia mtu. Huo ni uangalifu wa mtu mzima, na asiyekuwa nao hata usafi wake huwa wa mashaka.

Ila na ninyi mmwonyeshe. Wengi hawajawahi kuambiwa kwamba Jik haichanganywi na dawa ya choo yenye asidi. Hapo inatoka hewa ya klorini, na kwenye vyoo vyetu vidogo visivyo na dirisha inabana pumzi vibaya sana. Mnunulieni glavu na muweke ngazi imara, asipande kwenye stuli ya plastiki kufuta pangaboi.

Kuna mambo ya katikati, ya kuombana. Genge ni mojawapo. Kununua mchicha na nyanya hapo mtaani sioni ubaya, mradi asitangulize hela yake mwenyewe. Tumeni M-Pesa kabla, naye awaandikie kilichonunuliwa na chenji iliyobaki. Mkimtuma soko la Buguruni, mjue asubuhi yake imekatika, na msimuulize kwa nini baraza halijadekiwa. LUKU haina haja ya kumtuma mtu. Mwenye namba ya mita anainunua kwa simu, dada abaki kuingiza zile tarakimu 20 tu. Nguo za ndani kila mtu afue zake kama tulivyolelewa. Mama akishindwa, amwombe dada yeye mwenyewe, faraghani, si agizo kutoka Uingereza.

Mafundi naomba mlifikirie sana. Kufungua geti na kusema "fundi amefika" ni sawa. Kumwachia akae peke yake na wanaume asiowajua huku mama amelala chumbani, ashike na hela ya kuwalipa, kisha aulizwe kama bomba limefungwa vizuri, hapana. Yeye si msimamizi wa ujenzi, na usalama wake ni jukumu lenu. Mtafuteni binamu au jirani wa kiume mnayemwamini asimame hapo siku ya fundi.

Dawa. Hapa ndipo familia nyingi zinapojidanganya. "Mama, umeshakunywa dawa?" ni sentensi ya kibinadamu, kila mtu anaweza kuisema. Kupanga vidonge, kuamua kama arudie aliyosahau, kupima sukari, kuchoma sindano ya insulini, hayo yanataka mtu aliyefundishwa na anayelipwa kwa ajili hiyo. Dawa nyingine za sukari zikinywewa bila kula, sukari inashuka: mtu anatoka jasho, anatetemeka, anachanganyikiwa. Dada asiyejua atadhani mama amechoka, atamfunika shuka na kufunga mlango, kisha mtamlaumu kwa jambo ambalo hakuna aliyemwambia.

Kwa hiyo mnunulieni mama kile kiboksi cha vidonge chenye siku za wiki, ajaze ndugu mmoja kila Jumapili. Mfundisheni dada dalili hizo, na kwamba mama akiwa macho na anaweza kumeza apewe soda yenye sukari au maji ya sukari, lakini akizimia asinyweshwe kitu, aitwe jirani na gari lipatikane. Bandikeni namba za jirani na za hospitali kwenye mlango wa friji. Kama kuna insulini, akikuta umeme umekatika na friji imepata joto la nje, awaambie. Mpaka hapo anaona na kusema. Zaidi ya hapo mnahitaji mhudumu wa mgonjwa. Vivyo hivyo kumwogesha mama na kumgeuza kitandani.

Kulala. Dada wenu ana saa 18 kwa wiki, na kwake huenda kuna watoto wanaomsubiri. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haikuwaacha nje wafanyakazi wa nyumbani. Saa za kawaida haziwezi kuzidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki, saa ya ziada inalipwa mara moja na nusu na lazima wakubaliane, na kazi ya kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi ina nyongeza ya asilimia 5. Anayeamka mara kwa mara kumpeleka mama chooni yuko kazini, hata kama mmemtandikia godoro. Agizo la kima cha chini lililoanza Januari 2023 lilitenganisha kabisa anayeishi kwa mwajiri, shilingi 60,000 kwa mwezi, na asiyeishi, 120,000. Kuanzia Januari 2026 kima kimepandishwa tena, kwa hiyo tazameni agizo jipya kabla ya kuzungumza hela.

Kaka akikubana kwenye kikao, kuna hoja hii. Sheria hiyohiyo inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira kwa maandishi: kazi gani, wapi, saa ngapi, malipo kiasi gani. Wanaoachwa ni wanaofanya kazi chini ya siku 6 kwa mwezi kwa mwajiri mmoja. Wenu anakuja siku 12 hadi 14. Kwa hiyo karatasi hiyo mnadaiwa, na kama ingekuwepo, kaka angesoma kabla ya kupiga simu.

Lakini ugomvi wenyewe, nionavyo mimi, haukuanzia kwenye kulala. Hebu hesabuni dada ana mabosi wangapi. Mama yuko pale. Wewe unaandika kutoka Leicester. Kaka anatoka kazini Toronto saa 12 jioni, na wakati wa kiangazi cha kule, hapa Tabata ni saa 7 usiku. Wakiwepo na wengine wanaotuma ujumbe wa sauti wa dakika tano, mtu wa siku tatu kwa wiki anaamka na maagizo yanayogongana, na bando la kuyapakua ananunua mwenyewe. Mmoja anasema mama asipewe chumvi, mwingine anatuma hela ya samaki wa kukaanga. Mkichelewa kuelewana ninyi, analipa yeye.

Tena kuna zile picha. "Nipigie mama picha akila." "Rekodi nione anavyotembea." Najua wasiwasi wa kuwa mbali na mzazi, nimeuishi, na sitamlaumu anayetamani kuona. Lakini mama naye ana heshima yake. Akigundua kwamba anayemdekia sebule ndiye anayepeleka habari zake ng'ambo, ataanza kumficha, na dada atakosa uaminifu wa mtu anayeshinda naye. Pigeni video kwa mama mwenyewe, dada amsaidie kushika simu. Na mama asiposikia vizuri kwenye simu na picha ikabidi, basi dada amwambie kwanza: "Bibi, watoto wameomba picha, nipige?"

Chagueni mmoja wenu azungumze na dada, wengine wote wapitie kwake. Saa zake zikiisha, simu zikome, isipokuwa mama ameanguka. Na nyumba ni ya mama. Akisema leo madirisha yaachwe, yaachwe, hata kama hela ya mshahara imetoka kwenu.

Kutoka: Houston

Nimesoma, asanteni. Naomba kutofautiana kidogo na dada wa Sinza. Sisi dada aliyekaa na mzee wetu Kigamboni alikuwa mtu wa nyumbani. Alikula nasi, mwanawe tulimlipia ada, msiba ulipompata tulikwenda. Hakuwahi kuuliza kazi hii imo au haimo. Tukianza karatasi na saa, nahofia tutapoteza ule undugu.

Kutoka: Muscat

Wakubwa, shikamooni. Mimi niko upande wa pili, nafanya hizi kazi huku Muscat. Nililetwa kwa usafi. Baada ya muda nikapewa watoto, kisha bibi mgonjwa, na mshahara uleule. Walinipenda, sitasema uongo, sikukuu walininunulia nguo. Lakini nguo sikuweza kutuma nyumbani Tanga, na usingizi wangu haukurudi. Kilichoniumiza zaidi ni kwamba hakuna aliyeuliza. Nilikuwa nakuta tu bibi ameletwa chumbani kwangu. Nilipo sasa, mama mwenye nyumba akitaka la ziada ananiuliza siku moja kabla na kunitajia kiasi. Nikisema siwezi, kesho ananisalimia kama jana. Namwombea sana. Huyo dada wa Tabata mpeni hivyo.

Kutoka: Sinza, Dar es Salaam

Asante mdogo wangu wa Muscat, Mungu akulinde huko.

Kaka wa Houston, ulichofanya kwa yule mtoto ni kikubwa na sitakipunguza. Ila mtu anayelipiwa ada ya mtoto wake atakataaje kulala? Wema wenu unamfunga mdomo bila ninyi kukusudia. Ndiyo maana nataka mshahara na saa viandikwe kwanza, halafu undugu ukae juu yake kwa nafasi: chai mezani, msiba, harusi, hata ada. Mkikosana juu ya kazi, ada ya mtoto isiguswe. Na siku ya kukosana ikifika, chama cha wafanyakazi cha CHODAWU kinawapokea wafanyakazi wa majumbani, na Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inasikiliza pande zote. Ni bora wote mjue hilo mapema, dada na ninyi pia.

Kutoka: Leicester

Asanteni sana. Nimewasomea ndugu zangu kwenye simu jana usiku, kaka akiwemo. Tumekubaliana hivi. Dada anabaki na usafi na siku zake zilezile. Karatasi itaandikwa, atasomewa mbele ya mama, na mshahara tutaulinganisha na agizo jipya. Genge la mtaani limo, masoko ya mbali hayamo. Bando tunalipa sisi, na mimi ndiye nitakayekuwa naongea naye. Binamu yetu wa Segerea atasimamia mafundi na kujaza vidonge Jumapili. Tutamwomba dada radhi kwa ile simu ya usiku, kaka amesema atampigia mwenyewe, mchana wa huko kwetu Dar.

Limebaki la usiku. Mama hataki mtu wa kuhamia. Kama kuna anayemjua mhudumu wa wagonjwa anayekubali kuitwa kwa usiku mmoja mmoja, maeneo ya Tabata, Segerea au Kinyerezi, naomba aniandikie pembeni, na anieleze pia wanamlipa vipi.