Msaada wakuu: naweza kujumlisha tani za reli za nchi za Ulaya?

Mwanafunzi_Ughaibuni: Wakuu, habari zenu. Nasoma shahada ya uzamili ya uchukuzi hapa Ujerumani. Tasnifu yangu inahusu mizigo ya reli kutoka bandari ya Rotterdam hadi kaskazini mwa Italia. Nikijumlisha tani za Eurostat (ofisi ya takwimu ya Umoja wa Ulaya) za Uholanzi, Ujerumani, Uswisi na Italia, napata jumla isiyoaminika kwa ukubwa. Pia kuna visanduku vyenye nukta mbili tu, vingine na herufi c. Naviwekea sifuri au nifanyeje? Nawasilisha.

Karani wa Stesheni: Mkuu, tani usizijumlishe kabisa. Kila nchi huripoti kilichopita ndani ya mipaka yake. Kontena la tani 20 likipakiwa Rotterdam, Uholanzi inaliandika kama mzigo unaotoka, Ujerumani na Uswisi kila moja inaliandika kama mzigo unaopita, Italia kama unaoingia. Tani 20 zimeshakuwa 80! Shika tani-kilomita, yaani tani mara kilomita zilizosafirishwa. Hapo kila nchi inahesabu kilomita za kwake tu, hakuna kinachorudiwa.

MzeeWaTakwimu: Sifuri usiweke, kijana wangu, utaharibu kazi yote. Nukta mbili maana yake takwimu haipo. Herufi c ni siri: nchi ikiwa na kampuni mbili tatu za treni, kutoa namba ni kuanika biashara ya mtu. Ukiona b, mfululizo umekatika, pengine mbinu ya kuhesabu imebadilika, kwa hiyo usichore mstari mmoja kupita hapo.

Na ujue Eurostat yenyewe haihesabu behewa hata moja. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 2018/643 inaruhusu nchi kutumia dodoso la lazima, kumbukumbu za mamlaka au makadirio. Ujerumani kazi hiyo ni ya Destatis, ofisi yao ya taifa ya takwimu. Maelezo ya kina yanadaiwa kwa kampuni zinazofikisha tani-kilomita milioni 200 au tani 500,000 kwa mwaka. Ndogo huruhusiwa muhtasari. Ndiyo maana jedwali la aina za bidhaa linaweza kuwa pungufu kuliko jumla kuu. (Malta na Kupro usizitafute, hazina reli.)

Mwanafunzi_Ughaibuni: Shikamoo mzee, na asante sana. Karani pia, ubarikiwe. Je, abiria nao?

MzeeWaTakwimu: Marahaba. Abiria-kilomita, kwa sababu ileile. Ila mwenye tiketi ya mwezi mara nyingi safari zake hukadiriwa tu, na kila nchi ina makadirio yake. Soma kwanza maelezo ya mbinu ya kila nchi ndipo ulinganishe.