Wa mshahara wa mwezi akiitwa "msimamizi", ovataimu inakufa?

Kisasa_DOM
Wakuu, hoteli moja hapa Dodoma imebandika tangazo: kuanzia Bunge hili la bajeti, wote wenye mshahara wa mwezi ni "wasimamizi" na hawana ovataimu. Vibarua tu ndio watalipwa. Mapokezi wanakaa mpaka saa 4 usiku. Mshahara wa msingi 780,000, posho ya nyumba 120,000. Ni halali?

Wakili_Nzuguni
Tangazo la ukutani halifuti sheria, mkuu. Kifungu cha 17 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinamwacha nje anayesimamia wafanyakazi wengine kwa niaba ya mwajiri NA anayeripoti moja kwa moja kwa menejimenti ya juu. Yote mawili kwa pamoja. Mtu wa mapokezi asiye na wa chini yake, anayeripoti kwa meneja wa zamu, anadai kama kawaida hata akivalishwa beji ya supavaiza.

Mezani_Mishahara
Kwenye hesabu posho haiguswi. Chukua msingi, gawa kwa (4.333 × saa za wiki za mkataba). Wiki ya saa 45 inatoa 195, kwa hiyo saa moja ni 4,000 na ovataimu, mara 1.5, ni 6,000. Siku ya mapumziko ya wiki au sikukuu ni mara mbili, 8,000. Kuanzia saa 2 usiku kuna nyongeza ya 5%, na kama saa hiyo ni ya ziada inapigwa juu ya 6,000: 6,300.

Watu wanapunjwa kwenye kigawanyo. Mhasibu anaweka 240 (siku 30 × saa 8), saa inashuka hadi 3,250 na hakuna anayeshtuka. Mkataba ukisema wiki ya saa 40, kigawanyo ni 173 na saa inapanda hadi 4,500 hivi. Someni mkataba kwanza.

Kisasa_DOM
Wanadai watu walisaini zamu za saa 12.

Wakili_Nzuguni
Zamu hizo zinaruhusiwa kwa maandishi, lakini siku zisizidi 5 kwa wiki, saa za kawaida 45, za ziada 10. Wakiwapanga siku 6 hapo wamejifunga wenyewe.

Pigeni picha rota kabla haijabanduliwa. Madai ya malipo yafike CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi) ndani ya siku 60 (aliyeachishwa kazi ana 30 tu). Fomu namba 1 mpelekee mwajiri kwanza, asaini kupokea, ndipo uisajili. Nyingi hukwama kwa kukosa saini hiyo.